Mwenzako ni wa kuulizwa njia, si wa kujipimia

Mazungumzo ya mwalimu mmoja, mwanachama wetu, kwa mkutano wa wanachama hapa Niemba. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tumepunguza kidogo tu.



Komite iliniomba niseme juu ya kazi, na zaidi juu ya ugonjwa mmoja unaotukamata tukiwa kazini: kujipima na wenzetu. Sababu ya kuniomba mnaijua. Tangu mvua zilipoanza, komite imeletewa mashini mbili za kushona na vyombo vya fundi mmoja wa pikipiki, vyote vya vijana wetu, ili iwatafutie mnunuzi. Vitu vile tulivinunua kwa franka zetu, franka za muhogo na za ndagala. Katibu aliwauliza: nyumbani kuna mgonjwa? Hapana. Kuna deni? Hapana. Wote watatu walijibu karibu neno moja: "Wenzangu wamekwisha kufika mbali, miye paka hapa." Wanataka kuuzisha chombo cha kazi ili wapate nauli ya kukimbilia mahali ambapo mwenzao anaonekana amefaulu.

Sikuja kuwakemea. Wako hapa, na majina yao sitayataja. Nimekuja na neno moja tu, na nitalirudia mpaka lishike: mwenzako ni wa kuulizwa njia, si wa kujipimia. Ukimuuliza njia, anakuwa msaada kwako. Ukijipimia kwake, hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja, anakuwa mzigo kichwani mwako, na yeye mwenyewe hana habari.

Hatukuanzia mahali pamoja

Tuangalie kwanza sisi ni nani. Kuna waliovuka ziwa wakati wa vita vya 1996 na vile vya 1998, wakafika Kigoma, wakapelekwa Nyarugusu au Lugufu. Kuna waliopita upande wa kusini, wakaingia Zambia, wakakaa Mwange au Kala. Wengi walirudi baada ya 2005, wengine kwa meli ya Mwongozo, mpaka Lugufu ikafungwa 2009 na Mwange ikafungwa 2010. Kuna ambao hawakutoka nchini, lakini 2016 na 2017, Batwa na Baluba walipopigana katika jimbo letu, walikimbia mugini, wakalala kwenye vibanda kandokando ya Kalemie. Tena kuna ambao walibaki, wakaendelea na masomo na kazi katika shida ile ile.

Watu hawa wote wanaweza kuwa na umri mmoja. Inawezekana walikaa benchi moja darasa la tatu. Leo wanakutana gare, wanaangaliana kutoka viatu mpaka kichwa, na kila mmoja anafanya hesabu yake kimya: "Yule ni direktere wa masomo. Yule ana pikipiki. Miye na miaka 45, niko wapi?"

Hesabu ile ina kosa mwanzoni kabisa. Inahesabu miaka ya kuzaliwa, lakini kazi haihesabiwi kwa miaka ya kuzaliwa. Inahesabiwa kwa miaka iliyoandikwa.

Mtu aliyefundisha kambini miaka kumi alifanya kazi ya kweli. Watoto aliowafundisha wanajua kusoma mpaka leo. Lakini kule alipokea posho, si mshahara. Kule Tanzania mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 toka kambini bila kibali, basi hata kutafuta kazi ingine au kuongeza masomo mjini haikuwa rahisi. Aliporudi, miaka ile kumi haikuwa na mstari kwenye daftari ya Leta. Kolega wake aliyebaki Nyunzu aliingizwa kwenye orodha, akapata matrikule, na kila mwaka ukaongezwa juu ya mwingine. Ukiwaweka wawili hawa kwenye mzani, unapima nini? Unapima nani alikuwa upande gani wa ziwa wakati risasi zilipolia. Hupimi akili, hupimi bidii.

Muuguzi ni vilevile. Alijifunza kazi kwenye hospitali ya kambi, mikono yake inajua kuzalisha na kufunga kidonda. Hapa anaulizwa: wewe ni A2? A1? Anaonyesha cheti cha mafunzo ya miezi sita, na kila mtu anakaa kimya. Na kijana aliyesoma Zambia kwa programu ya Zambia ana karatasi ambayo lazima iombewe ekivalansi kabla haijasomwa kwenye biro yoyote ya Leta. Kolega wake aliyefanya Egzame ya Leta hapa hapa hana mlima ule wa kupanda.

Wazee wetu walisema nyota njema huonekana asubuhi. Ni neno zuri, lakini kwa mtu aliyerudi linaweza kuwa mtego. Asubuhi yetu sisi ilikuwa na moshi. Mwenye kutafuta nyota yake katika asubuhi ile atasema haipo, akalala. Kumbe ilikuwa juu siku zote.

Ninyi mnaoishi karibu na reli mnaelewa jambo ingine. Njia hii ya kutoka Kabalo, iliyofika Kalemie mwaka 1915, ni njia moja. Treni mbili haziwezi kupitana katikati ya pori. Moja lazima iingie gare, isimame pembeni, ingine ipite. Aliye ndani ya treni iliyosimama anaona mwenzake anakwenda, na anaweza kufikiri ameachwa. Lakini treni iliyosimama gare haikupotea. Bado iko juu ya reli yake, na ina mahali pake pa kwenda. Kinachoipoteza treni ni kutoka kwenye reli.

Kwa nini tunapima, na tunampima nani

Kujipima si dhambi, na siwezi kuwaambia muache kabisa. Mwaka 1954 mtaalamu mmoja wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kwamba mtu anapokosa kipimo cha wazi cha kujijua, hujipima kwa watu wengine, na hasa kwa wale wanaofanana naye. Angalieni kama si kweli. Hapa hakuna mtu anayekosa usingizi kwa sababu gavana ana gari. Tunakosa usingizi kwa sababu ya yule tuliyekuwa tukigawana naye kalamu. Kwa gavana tunasema "ni wakubwa". Kwa mwenzetu tunasema "mbona yeye?"

Basi shida iko karibu, na inaingia kwa mlango wa karibu. Siku hizi mlango ule ni telefone. Mnajua foto zinazotoka Marekani. Katika mwaka wa hesabu wa Marekani wa 2016, Wakongomani zaidi ya 16,000 walipokelewa kule kama wakimbizi, kupita taifa lingine lolote mwaka ule. Wengi walitoka katika kambi zile zile tulizokaa sisi. Kwa hiyo kila nyumba hapa ina mtu wake kule: binamu, jirani wa kambi, aliyekuwa mwimbaji kwenye kwaya yetu. Foto inakuja. Gari, theluji, koti nzito, meza imejaa.

Foto haisemi uongo, lakini haisemi yote. Tiketi ya ndege ya mkimbizi aliyepelekwa Marekani, kwa kawaida, ilikuwa mkopo. Haukuwa na riba, lakini ulilipwa, na malipo yalianza karibu miezi sita baada ya kufika. Familia ya watu wanane ilianza maisha ikiwa na deni la tiketi nane. Diplome za huku mara nyingi hazifungui mlango wa kazi ile ile kule. Aliyekuwa mwalimu anapanga mizigo ghalani. Aliyekuwa muuguzi anaanza tena kwa kuosha na kulisha wazee huku anajifunza Kiingereza usiku. Wengine wanakata nyama viwandani, wamesimama saa nane, mikono baridi. Sisemi haya ili tuwaonee huruma, wala ili tuseme "afadhali sisi". Kusema afadhali sisi ni kujipima vilevile, tumegeuza mzani tu. Ninasema ili tujue kwamba nao wako katikati ya kujenga, kama sisi. Usione vyaelea, vimeundwa. Wewe umeona chombo majini. Siku za shoka hukuziona.

Hata hapa karibu ni hivyo. Wazee wanaikumbuka Filtisaf, kiwanda cha nguo cha Kalemie. Kufanya kazi pale ilikuwa heshima kubwa, na kijana wa mugini aliyebaki na jembe aliona haya kupita mbele ya mfanyakazi wa Filtisaf. Kiwanda kilifungwa. Aliyekuwa amejipimia kwa kiwanda kile alibaki na kipimo kilichovunjika. Aliyekuwa amejifunza pale kazi ya umeme, ya mashini, au ya kuweka hesabu, aliondoka na kitu mikononi. Leo kuna kazi za ONG. Kijana anavaa gile, anapanda pikipiki, wenzake wanaumwa moyo. Lakini kontra ya mradi ina tarehe ya mwisho, na mwenye gile anaijua vizuri kuliko sisi. Ukiuzisha mashini yako leo kwa sababu ya gile ya mtu, siku gile ile itakapovuliwa, wewe utakuwa huna gile na huna mashini.

Tufanye hesabu ndogo kwa faida ya vijana. Tuseme mashini inauzwa dola 80. Toa nauli ya Kalemie. Toa nyumba ya mwezi mmoja, toa bukari na mboga za kila siku, toa karatasi na fotokopi za kuomba kazi. Baada ya wiki sita unabaki na nini? Unabaki na ombi la kazi ndani ya biro ya mtu asiyekujua. Na wale wamama waliokuwa wanakuletea kitenge cha sikukuu wamekwisha kumpata fundi mwingine. Hujapanda. Umeshuka ngazi, kisha umeanza kungoja.

Kuuliza njia

Nimesema mwenzako ni wa kuulizwa. Sasa nieleze namna gani.

Mimi nilirudi na diplome yangu, nikapewa darasa. Mtu niliyesoma naye alikuwa tayari direktere wa masomo upande wa Kalemie. Nilimfuata nyumbani kwake siku ya Jumapili, nikamwambia wazi: "Yaya, sikuja kuomba pesa. Nataka unieleze barabara uliyopita, kutoka siku ya kwanza." Alishangaa, kisha akacheka, akamwambia mtoto alete kiti. Tulikaa mpaka jua likashuka.

Alinieleza nini? Kwamba alifundisha miaka mingi bila mshahara wa Leta, akiishi kwa franka za wazazi. Kwamba dosie yake ilipotea mara mbili, na iliyomsaidia ni kopi aliyoiweka nyumbani kwa mama yake. Kwamba inspekta alipokuja, alikuta matayarisho ya masomo yake yameandikwa kila siku, hata siku ambazo watoto walikuwa kumi tu. Kwamba hakupanda kwa sababu alikuwa mkubwa kwangu katika akili. Alinionyesha karatasi zile zilivyopangwa: ipi inakuja mbele, ipi inatakiwa muhuri, ipi mtu asiitoe mkononi mwake hata akiombwa vizuri namna gani.

Mnaona tofauti? Kama ningekaa hapa nikimpima, ningejua kitu kimoja tu: amenipita. Kwa kumwuliza, nilijua mambo kumi, na manne kati yake niliweza kuyaanza Jumatatu. Dosie yangu haikupata jibu siku ile wala mwaka ule. Lakini tangu siku ile najua iko wapi na inangoja nini, na hiyo ni amani kubwa kuliko mnavyofikiri.

Kwa hiyo nawaachia maulizo matatu ya kumpelekea mtu aliyekutangulia. La kwanza: ulianzia wapi? La pili: ulitakiwa kujua nini, na kuwa na karatasi gani, kabla mlango haujafunguka? La tatu: kitu gani kilikukwamisha muda mrefu? Hili la tatu usiliache. Watu wanapenda kueleza ushindi, lakini faida yako wewe iko pale walipokwama.

Ulizo moja tu usiliulize: unapata ngapi? Jibu lake halikufundishi kazi yoyote, na usiku litakurudia.

Haki si wivu

Hapa najua mtu atanyosha mkono. Atasema: "Mwalimu, unatuambia tunyamaze? Katika masomo yetu kuna walimu wawili, wote D6, wote wana miaka ile ile ya kazi, mmoja analipwa, mwingine halipwi. Nisiangalie hilo?"

Angalia! Hilo si wivu, hilo ni haki, na tusizichanganye. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya Leta ni ya bure kwa watoto, jinsi Katiba ya 2006 ilivyokuwa imesema katika kipengele cha 43. Ni jambo jema kwa wazazi. Lakini mwalimu ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha ya malipo alipoteza franka za wazazi kabla hajapata mshahara wa Leta. Akisema "mwenzangu analipwa, mimi silipwi," anasema ukweli juu ya kazi moja na malipo mawili.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Wivu unasema: "Kwa nini yeye anacho?" Haki inasema: "Kwa nini mimi sipati kilichoandikwa?" Wivu unamtazama mtu. Haki inatazama karatasi. Wivu ukifanikiwa, mwenzako anashushwa na wewe unabaki pale pale. Haki ikifanikiwa, wewe unapanda na mwenzako hapotezi kitu.

Basi mwenye haki asikae anaumia chini ya muembe. Aandike. Aweke tarehe. Apeleke barua kupitia direktere wake, adai kopi yenye muhuri wa kupokelewa, aiweke mahali ambapo mvua na panya havifiki. Aende pamoja na sindika na walimu wenzake, maana sauti ya mmoja hupotea njiani. Wanaofanya kazi kwenye biro za Leta nao wajue kwamba kuna sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016 inayowahusu: inaeleza mtu anavyoingia kazini, kazi yake inavyopimwa, anavyopanda gradi. Mtafute anayejua Kifaransa vizuri awasomee. Mle ndani mtu anapimwa kwa dosie yake na kazi yake. Hakuna mahali panaposema apimwe kwa bati za nyumba ya jirani.

Kwa wamama na wasichana

Niseme neno kwa wamama, kwa sababu wao wanapimwa mara mbili. Wanapimwa kwa kazi, tena wanapimwa kwa ndoa na watoto. Msichana aliacha masomo mwaka wa tano wa sekondari kwa sababu ya vita au ya mimba. Leo ana watoto watatu, anaona rafiki yake wa zamani ni muuguzi, anasema: "Wakati wangu umepita."

Wakati upi? Egzame ya Leta haiulizi umri. Kuna mlango wa wale wanaoitwa autodidakti, watu ambao hawakai darasani lakini wanajitayarisha wenyewe na kujiandikisha. Mlango ni mwembamba, unataka kusoma usiku na kulipa gharama, na siyo wote wanaopita mara ya kwanza. Lakini upo. Na wale walimu tulio hapa tunaweza kusaidia jioni mbili kwa wiki bila kuomba franka.

Na mama ambaye hataki diplome, anataka biashara yake ya mafuta ya mawese ikue, naye ana kazi ya kupanda. Kupanda kwake ni kujua bei ya bidoni mbili kabla ya kununua ya tatu, ni kuandika madeni, ni kupata wateja wanaorudi. Mama wa meza ya jirani akiwa na bidoni kumi, mwulize anakonunua. Usizihesabu ukiwa mbali huku moyo unawaka.

Wazazi wote, baba na mama, tuache pia lile neno tunalowatupia watoto: "Mwangalie mtoto wa fulani." Hatujui tunapanda mbegu gani. Mtoto yule hatajifunza kazi ya mtoto wa fulani. Atajifunza tu kumchukia mtoto wa fulani.

Tufanye nini tangu leo

Komite imekubali mambo matatu, na nimeombwa niyatangaze.

La kwanza ni daftari. Kila mwanachama mwenye kazi, awe mwalimu, fundi, mkulima au mchuuzi, awe na daftari lake la kazi. Mwisho wa kila mwezi aandike mistari mitatu: nimefanya nini, nimejifunza nini, hatua yangu inayofuata ni ipi. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake. Nimesema Festinger aliona tunajipimia kwa watu tunapokosa kipimo cha wazi. Daftari ndilo kipimo cha wazi. Fundi aliyeandika mwezi wa tatu "sijui kukata suti ya kiume", na mwezi wa tisa akaandika "nimeshona suti mbili, moja imerudishwa kwa sababu ya bega", huyo amepanda. Hakuna foto yoyote ya Marekani inayoweza kumwondolea hilo. Na siku mradi ukija kutafuta mafundi, au biro ikitaka ushahidi wa miaka ya kazi, atakuwa na la kuonyesha. Sisi tuliopoteza miaka kumi isiyoandikwa tunajua bei ya daftari.

La pili ni namna ya kuulizana hapa mkutanoni. Tulizoea kumuuliza mtu aliyepewa chombo na chama: "Umekwisha kupata kiasi gani?" Mwenye kidogo alikuwa anaona haya, mwisho akaacha kuja. Kuanzia mkutano ujao tutauliza: "Kazi inakukatalia wapi?" Hapo wenzake watamjibu. Mkopo utaendelea kurudishwa, hilo halibadiliki, na mtunza sanduku hatanisamehe nikilisahau. Lakini malipo yatasomwa na komite, si mbele ya watu wote.

La tatu: kila aliyetangulia amchukue mmoja. Fundi mwenye miaka mitano amchukue mwenye miezi mitano. Mwalimu mwenye matrikule amsaidie asiye nayo kupanga dosie. Msiogope kwamba mwanafunzi atakupita. Akikupita, una mtu mbele wa kumuuliza njia.

Kuhusu vyombo vile vitatu, komite haitavitafutia mnunuzi kabla ya miezi mitatu. Wenyewe watavichukua leo, warudi navyo kazini, wakiwa kila mmoja na mtu mkubwa wa kumfuata katika kazi yake. Baada ya miezi mitatu, kama kijana bado anataka kwenda Kalemie au mbali zaidi, aje na daftari lake, atuonyeshe anakwenda kutafuta nini kinacholingana na kazi anayoijua. Hapo tutamsaidia hata nauli. Kusafiri si kosa. Sisi wote ni watu wa safari. Tunakataa tu mtu asafirishwe na foto ya mwenzake.

Mwalimu anayetaka kufundisha wale autodidakti aandike jina lake kwa katibu kabla hajatoka. Madaftari yako hapa mezani, yametosha kwa watu 60, na kalamu kila mtu atajitafutia.